Tarakilishi kuukuu yaweza kuharakishwa, ila kwa hadhari

Kwa muda sasa, wanafunzi wangu wa uzamili wamekuwa wakinijia ofisini na swali ambalo halimo katika mtalaa wa isimu: "Daktari, je, yafaa kuiharakisha prosesa ya tarakilishi kuukuu kupita kiwango ilichowekewa kiwandani?" Kinachowasukuma kuuliza ni ufukara wala si utundu. Tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuitolea Windows 10 huduma za kawaida, mashine nyingi zilizoundwa zaidi ya mwongo mmoja uliopita zimehesabiwa kuwa takataka, ilhali wenyewe hawana fedha za kununua nyingine.

Jibu langu ni ndiyo, japo nalitoa nikiwa na kovu. Ninayo tarakilishi ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-2500K, iliyotoka mwaka 2011. Kasi yake ya kawaida ni gigahatsi 3.3, nayo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, megahatsi 100, mara 33. (Waingereza huyaita mapigo hayo saa. Naona "mapigo" ni neno lifaalo zaidi, maadamu kinachozungumziwa ni mdundo wala si majira.) Usiku mmoja nilikirusha kizidishi kutoka 33 hadi 46 kwa mkupuo mmoja. Mashine ikawaka, ikaenda mbio, nami nikalala nikijipongeza. Wiki tatu baadaye, faili niliyohifadhia msamiati wa Kibajuni niliokuwa nimeukusanya nyanjani ilikataa katakata kufunguka. Nakala pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla ya usiku ule. Kazi ya wiki tatu ikaenda arijojo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huogopa mashine kuungua, ilhali prosesa za aina hii hujipunguzia kasi, na hatimaye kujizima, joto linapozidi mno. Ya kuogopwa zaidi ni hatari isiyotoa moshi. Prosesa iliyokimbizwa kupita uwezo wake huanza kukosea hesabu, mara moja moja, kimyakimya, na kosa hilo likaandikwa diskini kana kwamba ni ukweli.

Joto nalo lina kanuni yake. Ukiongeza kasi kwa thuluthi bila kugusa volteji, umeme unaotumiwa na saketi hizo zikiwa kazini nao huongezeka kwa takriban thuluthi. Volteji, hata hivyo, huingia katika hesabu ikiwa imejizidisha yenyewe. Anayetoka gigahatsi 3.3 hadi 4.4, na papo hapo akaipandisha volteji kutoka 1.2 hadi 1.4, ameongeza mzigo huo kwa karibu asilimia 80. Ndiyo maana nashikilia kwamba volteji iwe kitu cha mwisho kuguswa, na kama inawezekana isiguswe kamwe.

Mwenye kutaka kujaribu na aanze na brashi. Apanguse vumbi kwenye feni, aondoe dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kisha aingie kwenye baiosi na kupandisha kizidishi hatua moja moja, wala asiyaguse mapigo ya msingi, kwa kuwa katika prosesa za kizazi hicho mapigo hayo huendesha pia njia za diski. Kila baada ya hatua chache aiache Prime95 ifanye kazi kwa saa kadhaa huku akitazama joto; mimi hurudi nyuma likifika nyuzi 80. Programu hiyo hulinganisha hesabu zake na majibu yanayojulikana, hivyo huumbua kosa ambalo jicho halilioni. Mashine ikigoma kuwaka, atachomoa waya wa umeme na kuitoa kwa muda ile betri ndogo ya duara, ili baiosi irejee hali yake ya awali.

Naomba pia tusidanganyane. Mashine nyingi za mitumba zilizotoka maofisini zina prosesa zisizo na herufi K, ambazo kizidishi chake kimefungwa. Mwenye mashine kama hiyo atafaidika zaidi kwa kununua diski ya SSD na kuongeza kumbukumbu.

Kwa walimu wenzangu, nina msimamo usiopinda: tarakilishi za maabara ya shule zisiharakishwe. Aliyeharakisha ya kwake amehatarisha kazi yake. Aliyeharakisha ya shule amehatarisha alama na miradi ya watoto wa wenyewe. Wanafunzi wenye hamu wapewe mashine moja iliyokwisha kuondolewa kazini, isiyo na faili ya mtu, waifungue na kuipima wapendavyo.

Yangu sasa inakwenda kwa gigahatsi 4.0, volteji sijaigusa. Msamiati wa Kibajuni naunakili upya kila Ijumaa kwenye diski mbili, na maneno ya zile wiki tatu bado nayatafuta kwenye kanda nilizorekodi.