Akiba ya Kompyuta Huoza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Katika kibubu cha mtoto usemi huo una ukweli wake. Lakini uko uwanja mmoja ambamo usemi huo, ukifuatwa pasipo kufikiri, huleta hasara, nao ni uwanja wa kumbukumbu ya kompyuta. Humo akiba huoza, na isipowekewa mpaka humla mwenyewe. Yafaa walimu na wanafunzi waelewe sababu yake, kwani huduma nyingi za wananchi sasa hutolewa kwa njia ya tovuti, na tovuti hizo aghalabu huanguka siku ile ile zinapohitajiwa zaidi.

Akiba inayozungumzwa hapa huitwa kache, jina lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kuficha. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi kumbukumbu ndogo yenye kasi inavyoweza kuitumikia kumbukumbu kubwa iliyo ya polepole. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya System/360 Model 85 iliyotumia kache. Baadaye wazo hilo lilihamia kwenye tovuti: mwaka 2003 Brad Fitzpatrick alitunga programu ya memcached kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, na mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo wa Italia akatoa programu ya Redis.

Kazi ya kache ni rahisi kueleweka. Mwanafunzi wa kwanza anapoomba ukurasa wa matokeo ya shule yake, seva huyatafuta katika hifadhidata, huyapanga, kisha humpelekea. Nakala ya ukurasa huo huwekwa katika kumbukumbu chini ya jina maalumu liitwalo ufunguo. Wa pili akiomba ukurasa ule ule, hupewa nakala iliyo tayari. Muda huokolewa, na hifadhidata hupumzika.

Taabu huanza pale ambapo nakala huwekwa kila mara na wala haziondolewi. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbukumbu hujaa, seva hulegea, na mwisho programu huuawa na mfumo wa kompyuta. Hapo wasimamizi wengi hushika moja ya dawa mbili: kununua kumbukumbu zaidi, au kuizima programu na kuiwasha upya kila usiku. Dawa hizo hazina tofauti na kumpa kila mwenye homa vidonge vya malaria bila kupima damu yake. Homa huenda ikashuka, lakini ugonjwa haujajulikana.

Hapana budi kupima kwanza. Jambo la kwanza ni kujua kumbukumbu inatumiwa na nani. Mfumo kama Linux hutumia nafasi iliyo tupu kuhifadhi nakala za mafaili, na huiachia nafasi hiyo programu zinapoihitaji. Kwa hiyo kuona kwamba kumbukumbu iliyo huru ni kidogo si ushahidi wa kasoro. Jambo la pili ni kuchora mstari wa matumizi ya programu yenyewe kwa saa au siku kadhaa. Mstari ukipanda baada ya programu kuwashwa, kisha ukatulia, hiyo ni kache inayojijaza kwa afya. Ukipanda pasipo kutulia, ilhali idadi ya watumiaji haikuongezeka, hapo pana shaka ya kweli.

Jambo la tatu ni kuhesabu vilivyomo. Picha mbili za kumbukumbu huchukuliwa, ya pili saa moja baada ya ya kwanza, kisha hulinganishwa ili ijulikane ni kitu gani kimeongezeka. Mara nyingi kosa huwa katika ufunguo. Ichukuliwe kwamba mtunga programu ametia saa, dakika na sekunde ndani ya ufunguo. Siku moja ina sekunde 86,400. Ukurasa mmoja wa kilobaiti 20, ukiombwa mara moja kila sekunde, utaacha nakala 86,400 kwa siku, yaani karibu gigabaiti 1.7. Wala hakuna hata nakala moja itakayotumika tena, kwa kuwa sekunde iliyopita hairudi. Hiyo ndiyo akiba iliyooza.

Kadhalika huenda kosa likawa katika hesabu ya kuzidisha. Seva nyingi huendesha nakala kadhaa za programu moja kwa wakati mmoja. Ikiwa kila moja ina kache yake ya megabaiti 300, na zipo nane, jumla ni megabaiti 2,400. Msimamizi aliyeitazama moja tu hataelewa kumbukumbu ilikokwenda.

Jambo la nne ni kupima faida. Chukuliwe mfano ambamo kinachopatikana katika kache hutolewa kwa milisekunde 2, na kinachokosekana huchukua milisekunde 100. Kache ikifaulu mara 90 katika 100, wastani ni milisekunde 11.8. Kumbukumbu ikiongezwa maradufu na kufaulu kukafika mara 92 tu, wastani unakuwa milisekunde 9.84. Gharama imeongezeka mara mbili, bali faida haifiki milisekunde mbili. Asiyepima hawezi kujua kama fedha hizo zimetumika vyema.

Vipimo vikishapatikana, tiba huwa nyepesi: ufunguo husahihishwa, kila nakala hupewa muda wa kuishi, na kache nzima huwekewa mpaka. Mpaka haufai kuachiwa bahati. Memcached huanza na mpaka wa megabaiti 64, lakini Redis katika kompyuta za biti 64 haina mpaka mpaka msimamizi auweke. Mpaka ukifikiwa, lazima kitu kitolewe. Mwaka 1966 László Bélády alionyesha kwamba kanuni iliyo bora kupita zote ni kutoa kile kitakachohitajiwa mbali zaidi katika wakati ujao. Kwa kuwa hakuna ajuaye yajayo, programu nyingi hutazama yaliyopita, na kutoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine.

Wako watakaopinga wakisema kwamba kumbukumbu siku hizi ni rahisi, na kwamba saa za fundi ni ghali kuliko kifaa. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo kache ina mpaka na kazi imeongezeka kwa kweli. Lakini pale ambapo kache haina mpaka, kifaa kipya huahirisha tu siku ya kuanguka. Tena shule au ofisi inayolipia seva kila mwezi hulipa gharama ya uzembe huo kila mwezi, na fedha hizo zingaliweza kununua vitabu.

Somo hili halihusu mafundi peke yao. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi kadi kumi na orodha ya maombi mia moja, wahesabu mara ngapi kadi inayotakiwa ipo mezani, kwanza kwa kadi tano, kisha kwa nane. Kwa zoezi hilo watajionea faida ikipungua kadiri nafasi inavyoongezeka. Muhimu kuliko hilo, watazoea kuuliza kipimo kabla ya kutaja dawa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu ya kompyuta ni mali kama mali nyingine.