Tununue Sabufa, Tusinunue Kishindo

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, leo sikuleta hadithi. Nimeleta ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya sabufa, na hasa juu ya sisi tunaozinunua.

Pita Mwanga jioni yoyote, teremka Kibirizi, kisha panda Hiace ya Ujiji. Kila geto mlango uko wazi ili mpita njia asikie. Asikie nini? Du, du, du. Mwimbaji yumo humo ndani, lakini kazama kama mtumbwi uliotoboka. Mwulize mwenye mashine wimbo unasema nini, atakucheka: "Mshikaji, we sikiliza besi tu!" Eti sikiliza besi. Tangu lini besi ikawa na maneno?

Najua wapo watakaosema nimezeeka kabla ya siku zangu. Nina miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne hapahapa Kigoma. Mchana naanika dagaa na mama, usiku naandika riwaya isiyokwisha. Muziki naupenda kama ninyi. Ndiyo maana nimekasirika.

Nilikuwa na spika mbili ndogo za mtumba, zile za kukaa kwenye rafu ya vitabu, koni inchi nne. Sauti yake safi, ila nyembamba. Ukiweka rumba, gitaa la solo unalisikia kama limo chumbani, lakini gitaa la besi limekwenda likizo. Maskani wakanitania: "Hiyo redio au nzi kwenye chupa?" Nikaona aibu. Dagaa walipokubali msimu mmoja, nikajikusanya, nikaingia dukani. Muuzaji akanionyesha boksi kubwa jeusi lenye taa za rangi. "Dogo, hii wati elfu kumi. Ukiifungulia, mtaa mzima unahama." Nikalipa bila swali hata moja. Fizikia yangu yote ya sekondari niliiacha mlangoni.

Naishi kwa bibi, Ujiji, chumba cha uani. Jioni ile nikataka kumfurahisha. Tunayo kaseti ambayo mjomba alimrekodi babu mwaka 1996, kabla hajafariki. Nami nimeihamishia kwenye flashi. Babu alikuwa kuli bandarini, akipakia mizigo ya Liemba. Humo anaeleza ukoo wetu, na mahali pamoja anataja jina la mama yake, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Bibi aliolewa huyo mama akiwa marehemu tayari, na jina hilo hakulikumbuka tena. Nikaziunga spika zangu kwenye mashine mpya, nikawasha. Bibi akakaa mkekani, khanga begani. Babu akaanza kuzungumza: bum, bum, bum. Bati likatetemeka, vikombe kabatini vikagongana. Bibi akasikiliza kidogo, akanitazama.

"Mjukuu wangu, babu yako kawa ngoma?"

Nikacheka. Kisha nikaona hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlenga. Nikang'oa nyaya zote, nikazirudisha zile spika mbili kwenye redio yangu ya zamani. Babu akarudi. Jina tukalisikia sote wawili. Sitaliandika hapa, nimeliwekea akiba riwaya yangu.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, nimesoma, nimejaribu. Sasa naweza kubishana.

Kwanza niwatendee haki wapinzani wangu. Besi ni haki ya muziki. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na sikio la binadamu husikia kuanzia kama mara 20. Spika ya inchi nne huanza kuishiwa pumzi ikishuka chini ya 80 hivi. Kwa hiyo anayesema kwamba Franco na TPOK Jazz, au Remmy Ongala na Super Matimila, wanapunjwa kwenye spika ndogo anasema kweli. Sabufa inahitajika. Tunachobishania ni kazi yake: ije kujaza pale spika ndogo zinapoishia, au ije kuzikalia kichwani?

Sauti ya mwanamume anapozungumza msingi wake uko kati ya mitetemo 85 na 180 hivi. Sasa tazama seti nyingi za bei nafuu: sabufa moja na vispika viwili kama vikopo vya nyanya. Vikopo haviwezi kushuka, basi sabufa inalazimishwa kupanda hadi 150, pengine 200. Yaani inaingia kooni mwa mwimbaji. Na herufi zinazotufanya tuelewe maneno, s, t, k na wenzao, ziko juu kabisa, ni dhaifu, zinafunikwa na kishindo. Babu yangu hakuwa ngoma. Koo lake lilikuwa limepelekwa kwenye boksi la ngoma.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukienda kununua, anza na zile spika ndogo. Jua zinaishia wapi. Halafu tafuta sabufa yenye kitufe cha kuchagua mpaka, chenye alama ya Hz, uweke karibu na 80. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani. Utadhani spika ndogo ndizo zinazopiga kila kitu. Sabufa nzuri ni ile unayoisahau kama ipo.

Wati zilizoandikwa mbele ya boksi zisikubabaishe. Ukiona herufi PMPO, ujue hiyo ni hesabu ya kufurahisha macho. Geuza mashine nyuma, usome inakula umeme wati ngapi. Kama inakula 60, hizo elfu kumi za kupiga muda wote zinatoka wapi? Kwa mganga?

Gonga boksi kwa kidole. Mbao nzito hujibu kwa mkato; plastiki nyepesi hulia yenyewe. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, nao hawakuwahi kuingia duka la sabufa. Tazama pia kama boksi limezibwa au lina tundu. Lililozibwa hupiga na kunyamaza. Lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi kwa umeme uleule, lakini likitengenezwa kwa pupa linaburuza mlio hadi unakuta pigo linalofuata. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, koni ya inchi nane inatosha na kubaki.

Na ukifika nyumbani usiitupe konani. Kona huzidisha kishindo. Mafundi wana mbinu: weka sabufa pale unapokaa wewe, piga wimbo, kisha tambaa kwa magoti kufuata kuta. Pale utakaposikia besi iliyo sawa, isiyovimba, ndipo uiweke. Mimi nilitambaa. Bibi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta besi. Akasema, "Haya," akaenda zake kuswali.

Sasa utauliza, haya yanatuhusu nini sisi waandishi?

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite. Jina la Kiha, tena la kujivunia kwetu! Niliusikia kwenye geto la rafiki yangu. Nikamwomba anitajie mstari mmoja tu. Hakuweza. Anaucheza, anautolea jasho, lakini lugha ya bibi yake imezama ndani ya boksi alilonunua kwa fedha yake mwenyewe.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1871 Stanley aliingia Ujiji kwa milio ya bunduki. Dunia nzima inaijua sentensi moja anayosema alimwambia Livingstone. Waliojaa barabarani siku ile, watu wa Ujiji, walisemezana nini? Walicheka? Walimhurumia yule mzee mgonjwa? Bunduki zilivuma, magazeti ya ng'ambo yakavuma, sauti zetu zikafunikwa. Ile ndiyo ilikuwa sabufa ya kwanza kuletwa Ujiji. Wale waliletewa na mgeni. Sisi tunajinunulia, tena tunakopa.

Kisha tunakaa kuandika, na miswada yetu inafanana na mageto yetu. Ukurasa wa kwanza maiti, wa pili maiti mbili, wa tatu bastola. Mama anayegeuza dagaa mchangani huku akihesabu madeni hayumo. Kuli anayetaja jina la mama yake kwa sauti ya chini hayumo. Hatukumsikia, tutamwandikaje?

Mashine yangu ya wati elfu kumi niliiuza kwa hasara. Aliyeinunua anatesa nayo mpaka sasa, shauri yake. Nimepata nyingine, inchi nane, boksi la mbao, limezibwa, halina taa hata moja. Gitaa la besi sasa nalisikia linatembea polepole chini ya rumba, na mwimbaji yuko juu yake. Nikiweka kaseti ya babu, yeye ni babu. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na siku hizi kinachopasuka kwanza ni sikio.

Anayebisha aje Ujiji na flashi yake. Chai ya bibi ipo. Sharti ni moja tu: wimbo ukiisha, aniambie ulisema nini.