Ngumi ya Wangila Mnaichukulia Poa Sana

Wasee, kila wiki lazima mtu aposti listi ya mabondia wenye ngumi nzito. Tyson, Foreman, Shavers, Wilder. Sawa, hao sibishani. Halafu inakuja listi ya wale "wanaochukuliwa poa", na bado wote wametoka Marekani na Uingereza. Mkenya hayuko hata kwa komenti. Mtaje Robert Wangila hapa Kianjokoma uone: vijana watakuuliza ni MCA wa wapi.

Basi sikizeni. Olimpiki ya Seoul, 1988, Kenya ilirudi na dhahabu tano. Nne zilikuwa za mbio: Ereng, Rono, Ngugi na Kariuki. Ya tano ilikuwa ya ngumi, na mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata nje ya riadha. Uzani wa welta, fainali, Wangila dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili, nokauti.

Najua mtasema, "Ah, hizo ni ngumi za ridhaa tu." Tulia. Siku hizo ridhaa ilikuwa raundi tatu, kila mtu na kofia ya kinga kichwani. Unagusa, unaokota pointi, unatoroka. Kumlaza mtu fainali katika hali hiyo si mchezo. Na huyo Boudouani hakuwa wa kujaza nafasi: 1996 alikuwa bingwa wa dunia wa WBA, na mkanda alikaa nao hadi 1999. Kwenye Olimpiki hiyo hiyo, Roy Jones alimtwanga Park Si-hun wa Korea Kusini mchana kweupe, na majaji wakampa Park dhahabu. Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote.

Shida yenu ni kuabudu asilimia za nokauti. Rekodi inaweza kunona kwa watu waliookotwa tu wakuje kuanguka. Uliza alimwangusha nani, na wapi. Shida ya pili, mnaangalia mabega. Ngumi haianzi kwa bega! Inaanza kwa kisigino, inapanda kwa kiuno, mkono ni wa kufikisha tu. Muulize yeyote anayepasua kuni huku kwetu. Kijana wa jimu anapiga shoka mara kumi, mzee mwembamba anapiga moja na gogo linafunguka.

"Lakini si alipigwa alipoenda kulipwa?" Ndiyo, alishindwa mara kadhaa. Julai 1994 alipigana na David Gonzales huko Las Vegas, refa akasimamisha pambano, na siku mbili baadaye Wangila akafa. Hapo ndipo hadithi yake iliganda. Ukimtaja kwa wanaomkumbuka, wanakuambia alivyokufa, hawakuambii alivyopiga. Kupigwa ni kitu kimoja na uzito wa ngumi yako ni kingine. Ile ya mwisho haifuti ile ya Seoul.

Na hii tabia haikuishia kwake. Conjestina Achieng alikuwa anaitwa "Hands of Stone". Nyinyi mnamjua kwa meme na michango. Ni wangapi wametafuta pambano lake hata moja wakaliangalia?

Hii si stori ya sifa tu, ni ya pesa. Bondia ambaye hakuna anayeogopa ngumi yake hulipwa kidogo, na huitwa ng'ambo dakika za mwisho akapigwe. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa notisi fupi akutane na Sam Eggington, bingwa wa zamani wa Ulaya, mbele ya watu wake. Raundi ya pili refa alisimamisha: Eggington alikuwa ameisha. Watanzania walipiga kelele mpaka jina likapanda bei. Sisi tuna dhahabu ya Olimpiki, na tumeifanya swali la chemsha bongo. Kijana anayefanya mazoezi leo Nairobi au Nakuru anaenda kwa promota bila jina la kumtanguliza, kwa sababu sisi wenyewe tumekubali kwamba Mkenya ni miguu tu.

Kwa hivyo ukiposti listi yako tena bila Wangila, usiniambie unajua ngumi. Unajua tu kile TikTok imekupakulia.