Meza ya Mgeni na Chungu cha Mwenyeji

Msomaji, huenda ulizaliwa Msambweni au Tiwi, na huenda hujapata kuvuka kivuko cha Likoni katika maisha yako. Vyovyote iwavyo, nataka uketi nami kwa muda katika meza moja ya Diani, kwa sababu mbele ya meza ile niliona jambo lililonikera, na mpaka leo sijakutana na mtu wa kulitetea kwa hoja iliyo nzima.

Ilikuwa adhuhuri katika msimu wa kaskazi, wakati ambapo bahari hutulia na wageni huwa wengi. Niliingia katika mkahawa mmoja kando ya barabara ya pwani, ambao jina lake halina faida kwako. Bawabu aliniuliza namtafuta nani. Nilimjibu kuwa natafuta chakula. Alinitazama tena, kisha akanipisha. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Juu ya viti vya mikahawa haikusema neno.

Kijana aliyekuja kunihudumia aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," nikamwitikia, akaweka mbele yangu orodha ya vyakula yenye jalada la ngozi. Niliisoma kurasa zote. Palikuwa na tambi za Kiitalia za namna nyingi, piza, nyama ya kuchoma kwa siagi, na samaki aliyefunikwa kwa jibini. Wali wa nazi haukuwapo. Samaki wa kupaka hakuwapo. Muhogo, mbaazi, mchicha, mchunga, pweza wa nazi: hapana hata kimoja. Nilipouliza, kijana aliinamisha uso. "Hivyo havipikiwi wateja, mzee. Hupikwa kule nyuma, tukala sisi."

Na kweli, harufu ya tui lililokolea bizari ilikuwa ikitujia kutoka nyuma ya ukuta. Mgeni mmoja wa meza ya pili aliinusa, akauliza ni ya nini. Alijibiwa kwamba ni chakula cha wafanyakazi. Akarudia tambi zake.

Chakula cha wafanyakazi! Kwa maneno matatu upishi wa watu wa Kwale uliondolewa katika daraja ya vyakula ukatiwa katika daraja ya posho. Na hakuuondoa mgeni. Mgeni aliuliza. Aliyemfungia mlango ni mwenyeji.

Hebu tutazame ni kitu gani hicho kilichofichwa nyuma ya ukuta. Samaki wa kupaka hupasuliwa, hutiwa chumvi, ndimu, tangawizi, saumu na pilipili, akaachwa viungo vimwingie. Nazi hukunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa tui la kwanza, ambalo ni zito, na la pili, ambalo ni jepesi. Tui zito hutiwa ukwaju na bizari, likawekwa motoni, na mpishi halipi kisogo, maana lisipokorogwa hukatika, na lililokatika halirudi. Ndipo samaki huwekwa juu ya makaa, akapakwa, akageuzwa, akapakwa tena. Moto ukizidi tui huungua kabla ya nyama kuiva. Ukipungua, samaki hukauka asipate rangi. Mwanamke wa Gazi au wa Vanga hulijua jambo hili kwa macho na kwa pua, bila saa wala mizani. Ujuzi wa namna hii ungekuwa wa mji fulani wa Ufaransa, tungeambiwa ni sanaa, na vijana wetu wangelipa karo ili waufundishwe.

Sisemi kwamba mafunzo ya kigeni ni mabaya. Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975, kwa msaada wa Uswisi, kimewapa maelfu ya vijana kazi ya heshima. Wala sisemi kwamba mwenye mkahawa hana haki ya kuuza apendacho. Nasema kwamba mtu aliyejenga juu ya pwani ya Wadigo, akanunua samaki wa wavuvi wao, akaajiri watoto wao, kisha akawaaminisha wageni kwamba pwani hiyo haina chakula chake, amesema uongo kwa kunyamaza.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni kuwa mgeni hapendi vyakula vyetu. Tumbo lake ni laini. Ni nani aliyelipima tumbo hilo? Teremka kusini mpaka Shimoni, uvuke kwenda kisiwa cha Wasini. Wageni waliotoka kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite hufika pale na njaa, wakaletewa kaa na wali wa nazi, wakavunja magamba kwa mikono yao wenyewe. Nenda Unguja, usimame jioni katika bustani ya Forodhani, uone nani wamejipanga mbele ya mishikaki na urojo. Hata hapo Diani pana mkahawa mashuhuri uliowekwa ndani ya pango la mawe ya matumbawe, wazi kwa nyota, na wageni hutoka mbali ili waketi humo. Mtu aliyevuka bahari ili aketi katika pango letu ataogopaje maharagwe yetu?

Tena dunia haikutudharau kama tunavyojidharau. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vyake vya asili katika rejista yake ya mifano mema ya kulinda urithi. Sifa hiyo ilitolewa mbele ya mataifa. Katika orodha yenye jalada la ngozi haijafika.

Liko na jambo la tumbo la mwenyeji mwenyewe. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 wageni walitoweka, na hoteli nyingi za pwani ya kusini zikabaki tupu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege, mambo yakawa yale yale. Mkahawa uliokuwa haujui mlaji ila yule ashukaye katika ndege ulikuwa hauna wa kumwita. Lakini mtu wa Ukunda alikuwa bado anakula kila siku, na hakuna aliyewahi kumkaribisha.

Nilikunywa chai, nikalipa, nikaondoka. Jioni ile nilikula Ukunda, kwa mama mmoja auzaye kando ya barabara iendayo Lunga Lunga: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari ya maembe mabichi. Kijana yule wa mkahawa alikuja akaketi upande wa pili wa benchi, ametoka kazini, na shati lake jeupe amelikunja mkononi. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe anajua kupika chakula kile.

"Najua, mzee. Mama yangu alinifundisha."

"Na mwenye mkahawa umemwambia?"

"Hajaniuliza," akasema, akavuta sahani yake.