Ufunguo wa ruta usikae mfukoni mwa mtu mmoja

Hapa Nyantende hakuna kooperative inayokubali ufunguo wa depo ya maharagi ukae kwa mtu mmoja tu. Lakini ordinatere ya biro tunaiacha mikononi mwa kijana mmoja. Mimi naona ni kosa, na sisi tumeshalilipia.

Msimu uliopita ruta yetu, kile kisanduku kinachogawa intaneti, iliungua. Tukanunua ingine Bukavu, tukachomeka kamba ya ordinatere. Taa zikawaka, telefone zikapata intaneti, lakini ordinatere ikakataa. Kijana aliyeipanga alikuwa amehama, na simu yake haipatikani. Mnunuzi alikuwa anangoja liste ya wanamemba na kilo zao. Siku nne zikapita, akanunua pengine. Maharagi yetu tukayapeleka sokoni kwa bei ya chini.

Tatizo lilikuwa nini? Kila mashini iliyo kwenye ruta inakuwa na namba yake, anwani ya IP. Kijana aliiandika kwa mkono: 192.168.1.20. Ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, basi walisikilizana. Ruta mpya ni 192.168.0.1. Ordinatere ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo tena. Telefone zenyewe zilipita kwa sababu zinaomba namba kwa ruta.

Dawa yake haikufika dakika tano. Unafungua mipango ya rezo, unaingia kwenye anwani ya IP, unachagua «Obtenir une adresse IP automatiquement», na kwa DNS unafanya vilevile. Toka hapo ruta njo inagawa namba. Ukiona namba inaanza na 169.254, ujue ordinatere haijapewa kitu: angalia kamba, kisha zima ruta na kuiwasha tena.

Wengine watasema: «Hiyo ni kazi ya mafundi, siye tunajua jembe.» Sikubali. Hata mizani hatukuzaliwa tukiijua. Tulijifunza kwa sababu wanunuzi walikuwa wanatuibia kilo. Wengine wanaogopa kwamba wakijua wengi, mtu ataharibu. Hofu hiyo ina maana, njo maana nasema komite ichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, na kabla ya kubadilisha kitu waandike kwanza vile kilivyokuwa.

Basi tununue kaye moja. Tuandike ndani anwani ya ruta, neno la siri na namba ya kadi ya SIM. Lile neno la siri la kiwandani tulibadilishe, maana «admin» kila mtu analijua. Kaye hiyo ifungiwe pamoja na kaye ya feza.

Fundi anakuja na anaenda. Maharagi ni yetu, mashini ni yetu. Ufunguo nao uwe wetu.