TRELA IKIPINDUKA, ASILAUMIWE DEREVA PEKE YAKE



Trela ya majani ikilala ubavu katika barabara zetu za chai, neno la kwanza linalosemwa ni kwamba dereva alikuwa mbio. Neno la pili ni kwamba utingo alikuwa mzembe. Barua ya kumwita dereva ofisini huandikwa kabla matope hayajakauka kwenye magurudumu. Ni nadra mtu kuuliza swali lililofaa kutangulia: mzigo ule ulipangwa namna gani, na ni nani aliyeamuru upangwe hivyo?

Swali hili si la wasomi wala mafundi peke yao. Ni swali la kila mtu anayepakia majani, mbolea au kuni hapa Kapkatet, Litein, Sotik na mashamba yote ya Kericho na Bomet. Nchi yetu ni ya vilima. Mvua hainyeshi msimu mmoja ikaisha, na njia za ndani ya mashamba huteleza kama sabuni. Trekta yenye trela ndiyo punda wetu. Yafaa tujue punda huyu hubebeshwa vipi.

Trela ya ekseli moja ni sawa na mizani. Ekseli ndiyo mhimili wake. Kitu kilichowekwa mbele ya ekseli hukandamiza mkono wa trela juu ya trekta. Kitu kilichowekwa nyuma ya ekseli huunyanyua mkono huo. Basi tuseme trela ina mita 4 kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye pini ya trekta. Weka mifuko 10 ya mbolea ya kilo 50, yaani kilo 500, mahali palipo mita 1 mbele ya ekseli. Pini itakandamizwa kwa kilo 125. Sasa ihamishe mifuko ile ile, uiweke mita 1 nyuma ya ekseli. Pini itanyanyuliwa kwa kilo 125. Tofauti ni kilo 250, na hakuna hata mfuko mmoja ulioongezwa! Mizani ya langoni itasoma uzito ule ule, na karani ataandika kwamba mambo yote ni sawa. Lakini dereva anaondoka na trela nyingine kabisa.

Kwa nini jambo hili ni la kufa na kupona? Kwa sababu trekta hushika barabara kwa uzito ulio juu ya magurudumu yake ya nyuma. Mkono wa trela ukiyanyanyua, magurudumu hayo huzunguka bure katika kupanda mlima. Katika kuteremka ni vibaya zaidi. Trela husukuma kutoka nyuma, dereva akikanyaga breki magurudumu mepesi huteleza, trekta hugeuzwa ubavu, na vyombo viwili hukunjana kama mkono kwenye kiwiko. Hapo hata dereva wa miaka 30 hana la kufanya.

Msidhani basi kwamba dawa ni kurundika kila kitu mbele. Uzito ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya trekta huwa mepesi, na usukani hausikii, hasa mlimani. Kinachotakiwa ni kiasi. Uingereza, watu wanaokokota nyumba za magurudumu nyuma ya motokaa hufundishwa kwamba pua ya trela ibebe kiasi cha asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote. Marekani husema asilimia 10 mpaka 15 kwa trela zao. Sisi hatuigi hesabu hizo, kwa maana trela ya shamba imeundwa kwa namna nyingine, na kipimo chake hutolewa na aliyeiunda. Tunachosema ni kwamba wenzetu hao, wanaokwenda kupumzika tu, wana kipimo na wanakifuata. Je, mtu anayekokota tani za majani kwa mshahara anyimwe kipimo?

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, huko Uingereza, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya kuyumba kwa trela. Waliona kwamba mambo makubwa ni uzito ulio puani, mahali ekseli ilipo, na vile uzito ulivyotawanywa mbali na katikati. Vitu vizito vikiwekwa kwenye ncha mbili, trela ikishaanza kuyumba ni vigumu kutulia. Vikiwekwa karibu na ekseli, hutulia upesi. Wao walipima mwendo wa kasi ya motokaa, na trekta haina kasi hiyo. Lakini mteremko na tope hutenda kazi ambayo kwao hutendwa na kasi.

Jambo la pili ni kimo. Majani mabichi ni mepesi kwa ujazo wake, kwa hiyo hupanda juu. Mifuko ikitundikwa kwenye kulabu majani hupata hewa, hayapondeki wala kupata joto, na hilo ni jema kwa chai. Lakini mfuko unaoning'inia huvuta kutoka kwenye kulabu, si kutoka chini yake. Trela ikiinama, mfuko nao husogea upande ule ule. Kisha mvua inyeshe, majani yabebe maji, na upande mmoja uwe umejaa kuliko mwingine. Trela hiyo iko tayari kulala mtaroni ikingoja kona tu.

Jambo la tatu, ambalo husahauliwa na wengi, ni kwamba mzigo hubadilika njiani. Trela ya mbolea huondoka bohari ikiwa imepangwa vyema. Kituo cha kwanza watu hushusha mifuko ya mbele kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mikono yao. Iliyobaki yote iko nyuma ya ekseli, na mteremko mkali uko mbele. Kuni nazo, ambazo viwanda huchoma kupata mvuke wa kukaushia chai, huwa na magogo marefu yanayotokeza nyuma. Mzigo uliokuwa salama saa moja asubuhi waweza kuwa mtego saa nne.

Tena kuna mzigo unaopanda wenyewe. Jioni wachumaji wamechoka, nyumbani ni mbali, trela inapita. Watu wanane wanarukia nyuma, karibu na mlango, ili washuke kwa urahisi. Watu wanane wa kilo 60 ni kilo 480. Ni karibu sawa na ile mifuko 10 ya mbolea tuliyoihesabu, nao wamekaa nyuma kabisa ya ekseli. Juu ya hayo, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humhesabu mtu kuwa kazini akisafirishwa bila malipo katika gari ambalo mwajiri amelitenga kwa kazi hiyo. Trela ya majani haikutengwa kuchukua watu. Ukiumia juu yake, umempa mwajiri maneno ya kukubishia fidia yako. Ndugu, usiuze mguu wako kwa safari ya maili mbili.

Mabwana mameneja watajibu kwamba madereva wengine huteremka mlima bila gia ili kuokoa dizeli. Ni kweli, wako, na chama hakiwezi kumtetea mtu wa namna hiyo. Nidhamu ni yetu sote. Lakini dereva haamui idadi ya safari. Haamui saa ambayo majani lazima yafike kiwandani. Si yeye anayesimama kando akisema, "Ongeza, bado pana nafasi." Anayeamuru mzigo ndiye anayepaswa kujibu juu ya mzigo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe usalama katika kubeba na kusafirisha vitu, na atoe mafunzo na usimamizi. Haikusema kwamba wajibu huo huhamia kwa utingo trela ikitoka langoni.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyataka:

1. Kila trela ipigwe mstari wa rangi ubavuni kuonyesha ekseli ilipo, na mstari mwingine wa kimo ambacho mzigo usipite.

2. Uzito unaostahili kukaa juu ya pini uandikwe kwenye trela, kwa lugha tunayoisoma.

3. Wapakiaji na matingo wafundishwe kupanga na kushusha mzigo, katika saa za kazi na kwa malipo.

4. Pini yenye kufuli, mnyororo wa usalama, upepo wa magurudumu na breki za trela vikaguliwe kila asubuhi, na karatasi itiwe sahihi na aliyekagua na aliyeamuru mzigo.

5. Wafanya kazi wapewe gari la watu, lenye viti.

Nasi tufanye yetu. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo ya usalama chatutaka tumwambie msimamizi tukiona hatari kubwa iliyo karibu, na chamkataza mwajiri kuturudisha kwenye hatari hiyo kabla ya kuirekebisha. Dereva anayesema, "Mzigo huu umekaa vibaya, siondoki mpaka upangwe," si mkaidi. Anatii sheria. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Basi mwakilishi wetu katika kamati alete habari ya trela mezani, asingoje maiti.

Na ajali ikitokea, baada ya kuwaokoa waliojeruhiwa, mzigo upigwe picha kwa simu kabla haujaondolewa. Andikeni mifuko ilikuwa wapi, na nani aliagiza. Mpeni habari mwakilishi wa chama siku ile ile. Mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na saa 24 mtu akifa. Mzigo ukishazolewa, ushahidi umezolewa nao, na linabaki lile neno la kwanza: dereva alikuwa mbio.

Kericho haijasahau tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, lori lilipowaua watu zaidi ya 50 kando ya barabara. Hatusemi ajali ile ilikuwa ya upangaji wa mzigo. Twakumbusha tu kwamba chombo kizito kikishamshinda dereva, hakimchagui mtu. Mama anayeuza ndizi kando ya barabara ya Kapkatet hakupakia trela, lakini aweza kuuawa nayo.

Rangi ya mistari miwili haimalizi debe moja. Mwajiri akisema hana fedha za kununua debe hilo, tumwulize ana fedha za nini. Mpakiaji, utingo, mchumaji na dereva wasimame pamoja, asiachwe mmoja kuitwa ofisini peke yake.

Umoja ni nguvu.