Sindano, uzi na saa za kungoja



Maisha ya kambini yana kazi moja isiyo na likizo, nayo ni kungoja. Unangoja siku ya mgao, unangoja zamu ya maji, unangoja jina lako litokee kwenye ubao wa matangazo. Wakati huo mikono imekaa bure, lakini kichwa hakikai bure. Kinarudi kwenye yale uliyoyaacha nyumbani, kinamtafuta ndugu asiyejulikana alipo, kinauliza kesho itakuwaje. Jioni inafika umechoka kama aliyelima, na usiku usingizi hauji.

Maoni yangu ni haya: kudarizi kwa mkono, au broderi kama wengi wenu mnavyozoea kuita, kunastahili nafasi katika siku yako, hata kama hutauza chochote. Sisemi kwamba uzi na sindano vinatibu ugonjwa. Nasema vinaipa akili mahali pa kupumzikia.

Sababu yake si ya ajabu. Mshono wa msalaba, ule wa nyuzi mbili zinazokatana kama herufi X, ni kazi ya kuhesabu. Anayehesabu moja, mbili, tatu huku mkono ukienda na kurudi, mawazo yake yanapata kamba ya kushika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kusaidia watu wenye msongo wa mawazo. Kinafundisha kupumua polepole na kuelekeza akili kwenye kile unachokiona na kukigusa sasa hivi. Uzi mkononi unakusaidia kufanya hivyo.

Najua utauliza, "Nitapata nini?" Fedha ni nzuri, na anayeweza kuuza kazi yake na auze. Lakini ukianza kwa kufikiria bei na mteja, umeongeza wasiwasi mwingine juu ya ule ulionao. Vijana wanaocheza mpira jioni hakuna anayewauliza wamelipwa shilingi ngapi. Kitambaa chako cha kwanza kisiwe na bei.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya kike. Mbona fundi wa cherehani sokoni mara nyingi ni mwanamume, na hakuna anayemcheka? Kule Lamu wapo wanaume wanaodarizi kofia kwa mkono. Na kwa watu wa Kuba wa Kasai, nchini Kongo, wanaume hufuma kitambaa cha rafia na wanawake hukidarizi, hivyo kitambaa kimoja ni cha wote. Baba, kaka, nawe unakaribishwa.

Tena wapo wakimbizi wenzetu walioshika sindano kabla yetu. Wapalestina wengi walipoyakimbia makazi yao mwaka 1948, wanawake waliendelea kudarizi kambini, nao hutumia zaidi mshono huu huu wa msalaba. Kila eneo lilikuwa na maua yake, na aliyeliona gauni aliweza kujua mwenyewe ametoka wapi. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nyumba na mashamba hayabebeki, lakini maua ya nyumbani yanaweza kukaa kwenye vidole.

Namna ya kuanza

Vifaa visikutishe. Chukua mfuko mtupu wa plastiki iliyosukwa, ule wa unga au maharagwe. Usitumie uliobeba mbolea au dawa ya wadudu. Uoshe, uanike, ukate kipande cha ukubwa wa viganja viwili, kisha kunja kingo na kuzishona zisifumuke. Uzi unaweza kuufumua kutoka sweta lililochakaa. Tumia shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea magunia. Urefu wa uzi uwe kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ukizidi utajifunga mafundo.

Tazama mfuko: mistari yake inakatana na kufanya vijimraba. Hesabu mistari miwili kwenda juu na miwili kwenda kando. Hicho ni chumba kimoja. Toa sindano kutoka chini kwenye kona ya chini kushoto, uichome kwenye kona ya juu kulia. Fanya hivyo vyumba 10 kwenda kulia. Kisha rudi: toa sindano kona ya chini kulia, ichome kona ya juu kushoto, chumba kwa chumba, mpaka ulipoanzia. Hapo umepata misalaba 10. Usivute uzi kwa nguvu, mfuko utajikunja. Uzi wa juu uelekee upande mmoja katika misalaba yote, ndipo kazi ipendeze. Ukizoea mstari, jaribu herufi ya kwanza ya jina lako. Ukikosea, fumua, hakuna anayekusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Dakika 15 au 20 zinatosha kwa siku. Fanya kazi kwenye mwanga wa mchana. Kibatari kinaumiza macho, na moshi wake si mzuri kwa kifua. Inua macho utazame mbali mara kwa mara, nyoosha shingo na vidole. Sindano ichomeke kwenye kitambaa na kuwekwa mbali na watoto. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji safi.

Kudarizi kuna mpaka wake. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali vizuri, huzuni haikuachi, au huna hamu ya kitu chochote, nenda kituo cha afya uzungumze na mhudumu. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje hata siku moja. Nenda leo, na umwombe mtu unayemwamini akusindikize. Hiyo si aibu.

Kwa wengine wote, haba na haba hujaza kibaba. Safari ijayo ukienda kupanga foleni, chukua kitambaa chako. Foleni haitapungua, lakini utakapofika mbele utakuwa na mstari mmoja ulioushona mwenyewe. Na jirani akiuliza unafanya nini, mwonyeshe.